Pesa ya mbolea ndani ya bomba la Nigeria

Biashara ya hisa za nje imepanda milima hadi Mbeya kwa njia ya simu. Vijana wa Mwanjelwa na Kabwe ambao juzi tu walikuwa wanabishana kuhusu vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT na hati fungani za serikali, leo wanatumiana picha za chati za London na Lagos. Kinachowavutia zaidi ni kampuni ndogo za mafuta za Afrika Magharibi. Hoja yao haina mzunguko: kampuni ina visima, inatoa maelfu ya mapipa kila siku, bei ya pipa inajulikana dunia nzima, lakini hisa yenyewe inauzwa bei ya kutupa. Ukiuliza kulikoni, unajibiwa kwamba kuna wizi wa bomba, serikali ya kule inashughulikia, ukiisha tu hisa itapanda mara tatu.

Hesabu hiyo imeanzia mahali pasipofaa. Inahesabu mafuta kisimani, wakati mwenye hisa halipwi kisimani. Analipwa mafuta yakishapakiwa melini na mnunuzi akatuma dola. Katikati kuna bomba, na katika Delta ya Niger bomba hilo mara nyingi si la kampuni uliyonunua hisa zake. Linapita kwenye mikoko na vijito kwa makumi ya kilomita, linabeba mafuta ya kampuni kadhaa kwa pamoja, na linatobolewa. Kampuni yenye njia moja tu ya kutolea mafuta yake haina mamlaka juu ya mapato yake yenyewe, hata iwe na visima vizuri namna gani. Hilo ndilo ambalo soko linaliona linapoishusha bei ya hisa. Wanaodhani soko limelala wajiulize upya.

Tuanze na Bonny, kituo cha kupakilia mafuta melini huko Delta, mwaka 2022. Mwezi Machi mwaka huo Tony Elumelu, mwenyekiti wa benki ya UBA, alilalamika hadharani kwamba zaidi ya asilimia 95 ya mafuta yalikuwa yanaishia kwa wezi. Alisema kituo cha Bonny, kinachopaswa kupokea zaidi ya mapipa 200,000 kwa siku, kilikuwa kinapokea chini ya 3,000. Elumelu hakuwa anasimulia ya jirani. Kampuni yake ya Heirs ilikuwa imechukua asilimia 45 ya kitalu cha mafuta cha OML 17 mwaka mmoja kabla, kwa dili iliyogharimu pamoja na mikopo yake dola bilioni 1.1. Kama mtu mwenye benki, wanasheria na namba za simu za mawaziri anaweza kukwama namna hiyo, mwalimu wa Uyole mwenye hisa mia mbili za kampuni ndogo anakaa wapi kwenye foleni?

Mwaka huohuo, Agosti na Septemba, uzalishaji wa Nigeria nzima ulishuka chini ya mapipa milioni moja kwa siku. Oktoba, shirika la mafuta la NNPC likatangaza kugundua bomba haramu la kilomita nne lililounganishwa kutoka mfumo wa Forcados, kituo kingine cha kupakilia mafuta, hadi baharini, na kwamba lilikuwa limefanya kazi kwa miaka tisa. Miaka tisa! Kuchimba, kuchomelea na kulaza bomba la kilomita nne si kazi ya kijana mwenye dumu na msumeno. Inataka mafundi, meli na mnunuzi, na watu wa kuangalia pembeni. Kwa hiyo kampuni ikiandika kwenye ripoti yake kwamba tatizo ni "wahalifu wa mtaani", mimi huongeza umakini.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalioni kabisa, na ndilo lenye sumu zaidi: namna hasara inavyogawanywa. Wafugaji wa Rungwe na Njombe watanielewa haraka. Kila mmoja anapimiwa lita zake kituoni asubuhi, maziwa yote yanamiminwa tenki moja, kisha malipo yanafuata lita zilizofika kiwandani. Tenki likipungua njiani, pengo wanagawana wote, hata yule ambaye ndoo yake ilikuwa imejaa na safi. Bomba la Nembe Creek linaloelekea Bonny linafanya kazi hivyohivyo. Kampuni kadhaa zinaingiza mafuta, kila moja na mita yake. Kinachopokelewa Bonny kikiwa pungufu, upungufu unakatwa kwa wote kwa uwiano. Unaweza kulinda visima vyako usiku na mchana, ukakatwa mapipa kwa sababu ya tundu lililo kwenye eneo la mwenzako ambaye hujawahi kumwona. Na mita ya mwisho, ile inayoamua nani kakatwa kiasi gani, si yako. Kampuni zinazotumia bomba hilo zimewahi kuvutana vikali juu ya vipimo vya Bonny, na katika mvutano wa namna hiyo neno "wizi" linaweza kubeba vitu vingi: wizi wenyewe, mita mbovu, maji yaliyochanganyika na mafuta, hata makosa ya karatasi.

Sasa tuweke namba, za mfano tu, si za kampuni yoyote. Kampuni inatoa mapipa 10,000 kwa siku. Pipa ni dola 70. Gharama za kuendesha kazi ni dola 250,000 kwa siku, na sehemu kubwa ya gharama hizo haipungui mafuta yakiibwa, kwa sababu mishahara, dizeli ya mitambo na boti vinalipwa vilevile. Mafuta yote yakifika, mauzo ni dola 700,000 na kabla ya kodi na riba zinabaki 450,000. Asilimia 30 ikipotea njiani, mapipa yaliyouzwa ni 7,000 na mauzo ni dola 490,000. Gharama zimepanda, kwa sababu sasa unalipa walinzi zaidi na majahazi ya kubebea mafuta. Tuseme zimefika 290,000. Zinabaki 200,000. Umepoteza asilimia 30 ya mafuta, lakini zaidi ya nusu ya faida imeondoka. Bei ya pipa ikishuka hadi dola 50, mauzo yanakuwa 350,000 na mkononi zinabaki 60,000, na hapo benki bado haijagonga mlango.

Benki zenyewe zinakopesha kampuni hizi kwa kuangalia mafuta yaliyo ardhini na mapato yanayotarajiwa. Mapato yakikatika, kiwango cha mkopo kinashushwa, kampuni inatakiwa kurejesha pesa wakati uleule ambao haina pesa. Njia rahisi ya kutoka hapo ni kutoa hisa mpya kwa bei ya chini. Wewe wa zamani unabaki na hisa zilezile, lakini kipande chako cha kampuni kimekuwa chembamba.

Mwanakikundi mmoja wa akiba na mikopo pale Vwawa alinipa karatasi aliyoichapisha kutoka kwenye simu, ripoti ya robo mwaka ya kampuni moja ya aina hii. Alikuwa ameizungushia namba moja kwa kalamu nyekundu, mapipa kwa siku, namba kubwa juu ya ukurasa. Nilimwomba tusome pamoja. Mstari wa pili ulisema namba ile ni ya kitalu chote, na kampuni ina sehemu yake tu. Kwenye jedwali ukurasa wa tatu palikuwa na siku ambazo bomba lilifungwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, asilimia iliyokatwa kwenye mapokezi. Tulipomaliza kupunguza, namba aliyoizungushia ilikuwa imebaki chini ya robo. Hakuna mahali kampuni ilipodanganya. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, ila kwa ukubwa tofauti wa herufi.

Kisa cha San Leon Energy kinafaa kusomwa na kila anayevutiwa na riba nene. Kampuni hii ya Ireland, iliyokuwa kwenye AIM, soko la London la kampuni ndogo, iliingia mwaka 2016 kwenye kitalu cha OML 18. Haikuingia kwa kununua kitalu moja kwa moja. Ilichukua noti za mkopo, yaani hati za kudai deni, za dola milioni 174.5 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, pamoja na umiliki wa mbali uliopita kampuni moja hadi nyingine mpaka kumfikia mwendeshaji, Eroton. Riba ya asilimia 17 kwa dola! Mtu wa hati fungani angeota ndoto nzuri usiku ule. Na kwa kipindi fulani pesa zilikuja kweli, hata mwaka 2020 wenye hisa wakapata gawio maalumu.

Lakini fuata njia ya pesa hiyo: mafuta lazima yapite Nembe Creek, yafike Bonny, yauzwe, Eroton ilipe wadai wake, ibaki na ziada, itoe gawio kwa kampuni ya juu yake, nayo kwa iliyo juu zaidi, ndipo riba ya San Leon ipatikane. Tundu moja kwenye mikoko linatikisa ngazi zote. San Leon yenyewe ililijua hilo, ndiyo maana ikaweka pesa nyingine kwenye mradi wa njia mbadala, bomba jipya na meli ya kuhifadhia mafuta baharini. Mradi ukachelewa. Hisa zake zikasimamishwa kununuliwa na kuuzwa, na kufikia mwaka 2023 uendeshaji wa kitalu ulikuwa umetoka mikononi mwa Eroton na kushikwa na kampuni tanzu ya NNPC. Hisa zikishasimamishwa, aliyenazo hana hata nafasi ya kuuza kwa hasara.

Atakayenibishia ataitaja Seplat, na ana haki. Seplat iliingia London na Lagos mwaka 2014 kwa pensi 210 kwa hisa. Februari 2016 bomba la kupakilia mafuta la Forcados lililipuliwa chini ya maji, kundi la Niger Delta Avengers likajitangaza, na njia kuu ya Seplat ikafungwa kwa zaidi ya mwaka. Kampuni ikamaliza 2016 kwa hasara na hisa ikaporomoka. Aliyenunua kwenye vumbi lile na akavumilia, alipata. Lakini tuangalie kilichoiokoa. Ilikuwa inauza gesi ndani ya nchi, na gesi hiyo haikutegemea Forcados. Ilianza kubeba mafuta kwa majahazi kupitia Warri. Iliendelea kusukuma njia ya pili, bomba la Amukpe hadi Escravos, lililoanza kazi mwaka 2022 baada ya kuchelewa sana. Na mwishoni mwa 2024 ilikamilisha ununuzi wa biashara ya ExxonMobil ya visima vya baharini. Seplat ilipona kwa kuacha kuwa kampuni ndogo yenye njia moja. Kuitumia kama ushahidi kwamba kampuni ndogo yenye njia moja ni dili nzuri ni kuisoma hadithi kinyumenyume.

Habari za ulinzi kuimarika nazo zina uzito wake, sizikatai. Tangu Agosti 2022, serikali ya Nigeria ilipompa kazi ya kulinda mabomba Government Ekpemupolo, maarufu kama Tompolo, aliyewahi kuwa kiongozi wa wapiganaji wa Delta, uzalishaji umepanda tena. Ila mkataba wa ulinzi ni malipo kwa mtu, na unategemea siasa za Abuja. Mwekezaji anayenunua baada ya tangazo la amani kwa kawaida anakuta bei imeshapanda, na anabaki na hatari ya mkataba kutohuishwa.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaishi na bomba. Bomba la mafuta la TAZAMA lina kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Ndola, tangu mwaka 1968. Ni la serikali mbili, Zambia theluthi mbili na sisi theluthi moja, kwa hiyo hakuna hisa ya kununua. Nalileta hapa kwa sababu linaonyesha kitu ambacho wachambuzi wa hisa wa mitandaoni wanakisahau: hatari ya wizi haikai kwenye nchi, inakaa kwenye kile kilicho ndani ya bomba na nani yuko tayari kukinunua usiku huohuo.

Kwa miongo mingi TAZAMA lilibeba mafuta ghafi ya Indeni, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Ndola. Mtu wa Makambako akitoboa bomba la mafuta ghafi, anapata nini? Tope jeusi ambalo haliingii kwenye injini yoyote. Hana vijito vya kupitisha majahazi, hana meli inayosubiri baharini, hana mapipa ya kuchemshia porini kama wenzake wa Delta. Tangu 2023 bomba lilelile, kwenye mkuza uleule, linabeba dizeli. Dizeli iliyoibwa saa nne usiku inaweza kuwa kwenye tenki la lori saa tano. Barabara ya TANZAM imejaa wateja, na madumu ya pembeni mwa barabara hayakuanza jana. Nchi yetu ina mfumo wa vinasaba, yaani alama ya kemikali inayowekwa kwenye mafuta, tangu 2010, na mafuta yanayopita kwenda nje hayawekwi vinasaba hivyo, kwa hiyo kituo kikiyauza kinaweza kunaswa kwa kipimo. Dumu la kando ya barabara halipimwi na mtu. Hakuna kilichobadilika kwenye udongo wala kwenye tabia za watu wa Iringa au Mbeya, ila thamani ya tundu moja imebadilika sana. Waendeshaji na polisi wanalijua hilo kuliko mimi.

Mexico wamelipia somo hili kwa damu. Januari 2019, pale Tlahuelilpan, bomba la petroli lilitobolewa, wanakijiji wakakimbilia na ndoo, moto ukalipuka, zaidi ya watu 130 wakafa. Miezi saba baadaye ikawa zamu yetu, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha wakichota. Kwa kampuni, tukio la aina hiyo ni kesi, fidia, usafishaji na kufungiwa kazi, na hakuna safu yake kwenye majedwali ya mapipa. Kisima cha Aiteo huko Nembe kilimwaga mafuta kwa zaidi ya mwezi mzima mwishoni mwa 2021, na kampuni ikadai kilihujumiwa. Wakazi walioachiwa maji meusi hawakusubiri kuamua nani mkweli ndipo wadai fidia.

Kwa kipimo hichohicho, bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, lina kinga ya asili: mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yanasafirishwa yakiwa yamepashwa moto, na yakipoa yanaganda. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ndiyo kabisa, hakuna atakayeikinga kwa ndoo. Miradi hiyo ina hatari zake nyingine, za madeni na za siasa, lakini mwizi wa usiku hayumo kwenye orodha ya juu. Mtu anayekuambia "mafuta Afrika ni hatari" au "mafuta Afrika ni dili" bila kuuliza kilichomo bombani, njia ngapi, na mita ya nani, hajafanya kazi yake.

Na tusidhani hatari hizi zinahitaji mwizi ili zikuumize. Soko letu la hisa la Dar es Salaam, DSE, lilipokea kampuni ya Swala mwaka 2014, shilingi 500 kwa hisa, na wengi walinunua kwa sababu neno "mafuta" lilikuwa kwenye jina lake. Ilikuwa na leseni ya utafiti Kilosa na Kilombero. Haikuzalisha hata pipa moja la mafuta.

Kikundi cha Vwawa bado kinataka jibu langu. Wana pesa za kahawa, na kuanzia Oktoba wanahitaji mbolea ya kupandia, Januari ya kukuzia. Forcados ilifungwa Februari 2016 na ikarudi kazini katikati ya 2017. Maana yake msimu mzima, kuanzia kununua mbegu hadi kupukuchua mahindi, ungepita bila senti kurudi. Wenye hisa za San Leon wamepitisha misimu zaidi ya mmoja. Kwa hiyo pesa ya mbolea nimewaambia isiguswe kabisa. Kwa yule ambaye ana kiasi kidogo kisicho na kazi kwa miaka mitano, nimependekeza awaandikie kampuni maswali matatu kabla ya kutuma chochote: mapipa mangapi yalilipiwa robo iliyopita, njia ya pili ya kutolea mafuta imepitisha mangapi, na deni lote linadaiwa lini. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa zina anwani ya barua pepe ya wawekezaji, na nyingi hujibu. Mmoja wao ameshaandika. Amejibiwa swali la kwanza na la tatu.